Sungura wa Limbani

Gari lilikuja na sungura ubavuni,
mkubwa, masikio yamegusa kioo cha dirisha,
mkono mmoja juu kama anayeagana na mtu,
na maandishi ya Kijapani yamemzunguka
ambayo Limbani nzima hakuna wa kuyasoma.
Lilikuwa la skuli ya watoto, alisema aliyetuuzia.
Miaka minne tukaenda naye hivyo hivyo:
mikate alfajiri, magunia ya karafuu msimu ukiingia,
harusi mara moja, hadi Micheweni na kurudi,
bi harusi akishukia ubavuni pa sungura.

Kisha Shaame akapata kazi ya benki,
kuwapeleka wafanyakazi Chake na kuwarudisha,
na meneja, kwa sauti ya mtu anayehesabu noti,
akasema: Gari zuri. Lakini huyo mnyama, hapana.

Fundi Hamdu akaja na wembe na kopo la thina.
"Nusu saa tu," akasema.
Nikasimama baina yake na mlango.
Mie nimesuka vichwa miaka kumi na saba,
najua kilichogandana hakivutwi.
Mtoto mwenye nywele zilizofungamana
ukimvuta unapata kilio na kipara.

Nikaleta drai ya saluni, waya ukapitia dirishani.
Nikaipeperusha, nisiitulize mahali pamoja,
kwani rangi nayo ni ngozi, huungua.
Nikaweka kiganja: joto la chai uliyoisahau kidogo.
Hapo ukucha ukaingia chini ya sikio la kushoto,
nikalirudisha nyuma, lijikunje juu ya mgongo wake,
kama unavyokunja mkeka usiotaka utimue vumbi.

Sikio la kwanza likaja zima.
Thuwaiba akaliomba, akalibandika daftarini.
Sikio la pili, umeme ukakatika.

Basi birika.
Maji ya moto, khanga kuukuu,
tukamkanda sungura kama mzazi wa siku ya tatu.
Akatoka vipande vipande. Gundi ikabaki,
ya manjano, imelishwa vumbi la nchi mbili,
inanata kidoleni kama halua iliyolala.

Hamdu, ambaye hakuwa ameondoka, akainua kopo lake.
Nikamwambia: weka.

Nikachukua mafuta ya nazi, ya kupika mwenyewe,
nikayajaribu kwanza chini ya mlango, pasipoonekana.
Nikasubiri, nikafuta, nikatazama kitambaa:
buluu haikutoka. Bismillahi.
Nikayapaka ubavu mzima, nikayaacha yalale.
Kisha kadi ya benki iliyokwisha muda
(niliona ni haki benki nayo ifanye kazi)
nikaisukuma bapa, bila kukwaruza,
na gundi ikajiviringisha mbele yake,
vidonge vidogo vya kijivu, mia, mia mbili.
Hamdu akaona haya. Akaokota kitambaa,
akafuta nyuma yangu. Hatukusemezana.
Maji ya sabuni mara mbili, mafuta yasialike vumbi.
Nta, mviringo kwa mviringo, mpaka adhana ya alasiri.

Shaame akarudi, akalizunguka gari, akapiga mluzi.
Ubavu mtupu. Ukajiona meno ndani yake.

Mpaka jua lilipoinama nyuma ya paa la skuli
na mwanga ukaja kwa mshazari,
naye huyo:
masikio, tumbo, mkono ulioinuliwa,
buluu iliyokolea ndani ya buluu iliyochujuka.
Miaka yote ile jua lilikuwa linakula gari
na yeye amekinga pake kwa mwili wake.
Hakuna mafuta ya hilo.

Thuwaiba akasogea, akaweka kiganja
juu ya kiganja kile.
Hamdu akakohoa. Kopo lake bado halijafunguliwa.

"Meneja," akasema Shaame baada ya kitambo,
"huja saa mbili asubuhi.
Jua wakati huo liko upande wa pili."