Nigeuze Kidogo

Jumanne na Ijumaa ninaleta mkate mweusi,
kreti tatu, na mtindi, na samaki wa kopo,
kwenye duka la Sillaotsa, lami inapoishia,
ambako kila majira ya baridi
hupungua nyumba moja inayotoa moshi.
Mlango unafunguka kwa kadi.
Ndani hamna mtu.
Yumo Leida.

Miaka thelathini na minane alisimama nyuma ya kaunta hii
hadi barafu ya kizingitini ilipomvunja nyonga.
Mwanawe akamchukua Tartu, ghorofa ya nne,
na ushirika ukapiga hesabu: duka lifungwe,
au Leida arudi bila kurudi.
Wakamtundika juu ya mizani,
kioo cha upana wa sinia,
jicho la kamera kama punje ya pilipili manga,
naye kule, mito mitatu mgongoni,
huvaa aproni saa mbili kasoro dakika tano.
Aproni! Na kioo kinaishia shingoni.

"Taavi, chumvi umeiweka wapi?"
"Rafu ya tatu."
"Ya tatu ni ya kiberiti."
Mashine inasema ya tatu ni ya chumvi.
Nimesimama kati yao, katoni kifuani,
kama mtoto wa wazazi waliogombana,
mwishowe naiweka anakotaka yeye
na mashine inaandika: bidhaa imepotea.
Wanakijiji wanaipata hata gizani.

Evald huingia siku mbili kabla ya pensheni.
Huchukua soseji, na betri za redio,
husimama mbele ya kioo, huvua kofia.
Hasemi neno. Zamani pia hakusema,
na zamani Leida angelamba ncha ya penseli.
Sasa unamsikia akipapasa chini ya mto,
daftari lilelile la jalada la bluu
lililohama naye ndani ya sufuria;
anaandika deni, analipa kwa simu yake mwenyewe,
na mashine inamshukuru Evald
kwa sauti ya msichana asiyewahi kukopa.

Husemwa asiyekuwapo na lake halipo.
Basi hivi ni vya nani, chini ya kioo:
gudulia la uyoga wa chumvi,
soksi za sufu (alimwambia nani kuwa miguu inapoa?),
yai la bata ndani ya gazeti?
Ijumaa navipakia kando ya kreti tupu,
navipandisha ngazi sabini na mbili.
Mwanawe ananifungulia.
Chumbani kunanuka dawa ya kuchua.
Leida hainui macho:
"Subiri, Taavi, nina mteja."
Na mimi, hatua mbili kutoka kitandani kwake,
theluji ikiyeyuka viatuni,
nasikia kengele ya mlango
niliouacha nyuma saa mbili zilizopita,
na mtu anakohoa, na Leida anacheka naye,
na mimi sipo.

Ilikuwa Januari, saa tisa na nusu, jua linaaga.
Nilikuwa napanga mitindi.
"Taavi, nigeuze kidogo."
Hakusema geuza kioo.
Nikalegeza parafujo, nikamshika mabegani,
yaani pembeni, kwenye plastiki yenye joto,
nikamwelekeza dirishani:
sanduku la barua, misonobari miwili,
ziwa lililoganda, barabara.
Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.
"Kaza hapohapo," akasema.
"Wakitaka kununua watakohoa."

Tangu siku hiyo tunazungumza na kisogo chake:
nyaya nne, vumbi, kibandiko cha namba.
Evald bado huvua kofia.
Ofisi imeandika, kioo kiwaelekee wateja;
nimejibu parafujo imeshika kutu.

Jana nilichelewa, giza lilikuwa limeshaingia.
"Taa za nani zile barabarani?"
Gari langu, Leida. Nimesahau kuzizima.
"Ziache," akasema.
"Ziache kidogo."