Bolti Nne

Sisi wa Mtaa wa Stima twasema kwa kelele.
Si ugomvi. Ni malezi.

Ukuta mmoja ulitutenga na ile injini.
Ikianza magharibi, vikombe vya mama
viligongana kabatini kama meno ya mwenye homa.
Hata kuomba chumvi
ulijaza kifua kwanza.
Baba, aliyeilisha dizeli miaka ishirini na sita,
alirudi nyumbani na mikono iliyojifunza kusema:
vidole viwili, chai;
kiganja chini, niacheni nilale.

Kisha umeme ukavuka maji kutoka Mokowe,
injini ikauzwa kwa kilo.
Usiku ule wa kwanza Amu haikulala.
Mwanakombo alitoka uani na leso begani
akauliza ni nani amekufa.

Sasa ni ofisi. Punda walibeba saruji,
wakabeba vioo vilivyofungwa kwa magodoro,
na dari nyeupe kama shuka za hoteli.
Fundi Shekuwe alibandika marumaru mara tatu,
mara tatu zikabanduka:
sakafu imekunywa mafuta, gundi haiitaki.
Na zile bolti nne za kitako cha injini,
nene kama kifundo cha mkono,
ziling'oa msumeno meno. Wakatandika zulia.

Moja iko chini ya meza yangu.
Navua kiatu, naikanyaga kwa kisigino
nikipokea simu.

Maana nimeajiriwa papa hapa, mapokezi.
"Barke," meneja huniambia, "sauti. Hii ni ofisi."
Napunguza. Wageni wanainama: "Unasemaje?"
Sauti yangu ndogo sijui huwekwa wapi;
sikuwahi kuonyeshwa.

Jumatano stima ikapotea.
Mashine za baridi zikashusha pumzi,
kompyuta zikafumba. Ngazi hazina dirisha.
"Kuna jenereta?" meneja aliliuliza giza,
katika nyumba hii, jamani,
na hakuna aliyethubutu kucheka.
Huko juu mtu alikosa hatua,
mafaili yakamwagika.

Nikajaza kifua.
"Shikeni ukuta wa kulia! Ngazi kumi na moja!
Mlango uko wazi, mimi niko hapa!"

Jioni nilimkuta baba barazani,
yeye na sikio lake moja lililobaki.
Aliinua nyusi, akazungusha mkono hewani
kama avutaye mtambo uwake:
wameirudisha?