Yai la Mnada

Baada ya baraka na tarumbeta za mwisho
tulitoka nje, mnada wa sadaka ukaanza:
mkungu wa mshare, magimbi, maziwa kwenye kibuyu,
jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba,
na yai moja ndani ya kikombe cha bati,
la Bibi Ndeonasia.

Mwinjilisti Kirumbuyo ana koo la kazi hiyo.
"Mia tano! Nani anamzidi Aminieli?"
Aminieli akalipa, akalirudisha: "Liuzwe tena."
Elfu moja. Likarudi. Elfu tatu.
Kijana wa marehemu Nderingo, aliyekuja na gari kutoka Arusha,
akatoa elfu kumi, akalirudisha bila kulitazama.
Akina mama wakapiga vigelegele,
mweka hazina akalamba kidole, akaandika.

Nami niliyekuwa mimbarani karibu saa nzima
nikiisaka neema toka Warumi hadi Wagalatia
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani,
nikatamka kwa sauti: "Leo yai limehubiri kunizidi."
Walipenda.
Najua kusema yanayopendwa.
Miaka ishirini na sita na kola hii shingoni,
wepesi huo umeanza kunitisha.

Mara ya mwisho nikalinunua mimi, elfu mbili,
watu walikwisha kuchoka.
Sikulirudisha. Nilikuwa na njaa.

Mke wangu yuko Moshi mjini, anamuuguza dada yake.
Nikawasha jiko mwenyewe, mafuta yakapata moto,
nikaligonga ukingoni mwa kikaango.

Viza.

Harufu ikaingia hadi chumba cha ofisi,
ikakaa juu ya rejista za ubatizo.
Nikafungua madirisha yote ya nyumba ya usharika.
Mlima ulikuwa umejifunika, kama kawaida yake miezi hii ya baridi,
hapakuwa na wa kumuuliza.
Nilicheka. Kisha kicheko kikakata,
maana nilikumbuka mahubiri yangu ya Pasaka,
yale niliyoyachomoa kwenye faili la mwaka juzi
nikabadilisha majina na ule mfano wa mvua.
Ganda jeupe, safi.
Waumini walinipa mkono mlangoni mmoja mmoja:
"Asante, Mchungaji, tumelishwa."
Waliporudi makwao,
nani aliwafungulia madirisha?

Jumatano nilikuwa nikimpelekea mgonjwa chakula cha Bwana
nikamkuta Bibi kando ya mfereji, anaosha majani ya ng'ombe.
Kuku wake ni mmoja tu,
na huyo mmoja hufichaficha mayai migombani,
naye Bibi macho yana ukungu, huokota kwa kupapasa.
"Lile yai ulilila?"
"Nililila, Bibi."
"Likakutosha?"
"Likanitosha."
Akafunga mikono kifuani, akaitikia "Aika",
kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu.

Leo Jumamosi, watoto wa kipaimara, amri ya nane.
Elinaike, ambaye haachi jambo lipite,
akanyoosha mkono:
"Mchungaji, na kama ukweli utamuumiza mtu?"
Nikafuta ubao, ingawa haukuwa na kitu.
Nikasema tunafundishwa kumsemea jirani mema.
"Hata kama ni uongo?"
Kengele ya saa sita ikaniokoa.
Si mara ya kwanza kwa kengele hiyo.

Sasa ni usiku, umeme umekatika.
Kitambaa cha madhabahu kesho ni kijani,
karatasi yangu ni nyeupe.
Faili la mwaka juzi lipo kabatini, najua rafu yake.
Jioni nilikuta kikombe cha bati kwenye ngazi,
ndani yake mayai mawili.
Nimeyaweka mezani, karibu na taa.
Bakuli la maji lipo hapa hapa,
na kila mtu anajua, bovu huelea.

Sijayatia.
Naandika mstari, naukata.
Naandika mwingine.