Nishapoa

Basi lilipofunga breki pale Wattaya
mtu aliniangukia begani, mzima mzima,
nami kwa mazoea ya kwetu nikamwambia: Pole.
"Nishapoa," akasema.

Nishapoa!
Siku ya kumi na moja Maskati,
siku ya kumi na moja ya kuonyesha kwa kidole,
ya kununua mkate kama bubu,
ya kusema shukran hadi ulimi ukaota sugu,
na leo, ndani ya basi jekundu la Ruwi kwenda Mabela,
katikati ya mafundi wa Kerala
wanaosinzia na kofia ngumu mapajani,
neno la Tanga linanidondokea sikioni.

Sikugeuka upesi. Nililiacha liyeyuke, kama haluwa.
Nilipogeuka ni migongo tu, ni mikono kwenye vyuma,
kiyoyozi kikitupuliza shingoni
na mlango ukifungwa, Khuweir ikibaki nyuma.
Nikacheka peke yangu mpaka Ghubra.
Nikapanga na nitakavyomwambia dada Salha:
Leo nimempata mtu.

Kumbe yeye ndiye aliyenipata.

Mimi ni fundi cherehani. Mfuko ule wa ndani
niliushona mwenyewe usiku wa kuamkia safari,
mshono wa kurudia, uzi wa viatu, kifungo cha shaba;
nikamwambia Iblisi, haya, njoo.
Hakugusa mshono. Hakugusa kifungo.
Alipita chini, kwa wembe, akifuata mlalo wa kitambaa,
shubiri kasoro kidogo, na hakuna uzi uliochomoza.
Wallahi nilikigeuza kitambaa kwenye taa ya kituo
nikaona wivu.
Vijana wangu watatu pale Ngamiani
hakuna anayekata hivyo.

Rial ishirini na sita: zilikuwa zangu, sasa zake.
Kitambulisho: nitapanga foleni.
Lakini mlikuwa na karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne,
unyayo wa Mwanakheri.
Aliusimamisha mguu juu yake, pale sakafuni,
akicheka kalamu inavyomtekenya,
mama yake akizungusha wino toka kisigino hadi kidole gumba,
kisha akaandika pembeni:
Vyeupe, vya mkanda. Usisahau.

Ewe uliyepoa,
mguu huo usiukanyage.

Polisi, shawishi akauliza, Salha akafasiri.
Ulimwona? Sikumwona.
Mrefu, mfupi? Sijui.
Alisema chochote?
Hapo kalamu ikangoja.
Nikaitazama chai yake ya zaatari inavyopoa,
nikasema: Hakusema kitu.
Salha alinikazia macho kabla hajafasiri.

Usiniulize. Labda nilikuwa na neno moja tu
katika nchi nzima ile,
na sikutaka kuliona likipigwa muhuri.

Usiku shemeji Nasri akanianzia methali zake,
kikulacho na kadhalika;
nikamwambia, mambo ya nguo niachie mimi.
Nikaomba sindano. Nikauziba mfuko
kwa kufuata njia yake, mlalo ule ule.

Jumatano, sokoni Ruwi, muuza viatu wa Chitagongi
akanyanyua nyusi: saizi?
Picha iliyotumwa na mama yake haikufaa;
picha haina urefu,
unyayo ulijaa kioo cha simu kama wa jitu.
Nikafungua kiganja.
Miguu ile naiosha mimi kila magharibi,
ina matope ya chini ya bomba la jirani.
Kisigino huanzia hapa, mshipa unapopiga.
Kidole gumba hufika hapa,
pingili ya pili ya cha kati.

Akaniwekea kiatu cheupe juu ya mkono.
Kilizidi, upana wa kucha.
"Atakua," nikasema, kwa sauti, kwa Kiswahili,
nikanyamaza kidogo, nikisikiliza,
na nyuma yangu hakuna aliyeitika.