Mkono Mmoja

Sweta ilibaki na mkono mmoja.
Wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado uzi,
donge la kijani ndani ya bakuli la unga,
sindano mbili zimechomekwa humo kama pembe.

Košice, Februari, ghorofa ya nne.
Chini tramu namba sita ilipita kwa saa yake
nami nikaona huo ni utovu wa adabu.

Wageni walileta supu ya kabichi.
Walimnong'oneza baba: watoto hawajaelewa.
Mdogo wangu Vendelín alikuwa mlangoni,
akitenganisha viatu vyao,
cha kushoto huku, cha kulia kule, nyuma ya pipa.
Wakadhani anacheza.

Mama mdogo Ludmila alinifuta uso uliokuwa mkavu.
"Amepumzika," alisema.
Amepumzika! Kwa ruhusa ya nani,
na mkono wangu wa kulia haujaanzwa?

Usiku ule nilitwaa mkasi,
nikakata vidole vya glavu zake, vyote kumi,
nikavificha ndani ya kopo la kahawa.
Asubuhi nikasema ni paka.
Hatukuwa na paka.
Baba alizitazama glavu muda mrefu.
"Paka mbaya," akasema, akaenda kazini.

Lakini hilo silo.
Lenyewe nitalisema mara moja tu:
usiku wa kikohozi kile, ukuta mwembamba,
nami asubuhi nina mtihani wa hesabu,
nilijifunika mto masikioni
nikasema, meno yamebanana: nyamaza.
Nyamaza tu, basi.

Akanyamaza.

Na mimi nililala vizuri.
Mwiba uko hapo, msiutafute kwingine:
nililala vizuri.

Nilibeba neno lile hadi theluji ikawa tope.
Shuleni nilikuwa mpole, mwalimu akanisifu.
Nilivaa ile sweta, mkono mmoja na joto,
mmoja umepauka kwa baridi,
na atakayeuliza nimpige. Hakuna aliyeuliza.

Kisha jioni moja Vendelín, miaka sita,
alitapika maziwa, akalia, akasema:
"Ni mimi niliyemuua.
Alitaka nimbusu, nikakataa. Alinuka dawa."

Ningemkumbatia. Sikumkumbatia.
Wivu ulinipanda, kama vile kaniibia.
"Muongo! Ni mimi."
"Ni mimi!"
"Wewe mtoto, utamuua nani wewe? Ni mimi, nilimwambia anyamaze!"
Tukashikana nywele, tukaangukia viatu,
tukigombea kifo kile
kama kipande cha mwisho cha keki.

Hatukusikia ufunguo.
Baba alisimama na koti lake, theluji ya mwisho
ikimyeyuka mabegani.
Nilingoja kofi. Nilingoja yale maneno ya wageni.
Akavua kofia, akakaa sakafuni katikati yetu,
magoti yakalia.

"Daktari alisema Alhamisi," akasema.
"Mimi nikasema Jumatatu."

Kisha, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi:
"Sogeeni. Nami nipeni zamu."