Sanduku la Vilivyosahauliwa

Hii ni shule ya kutwa: hakuna anayelala hapa.
Saa kumi na mbili jioni magari yameshapinda kona ya Mtaa wa Tamarack,
moja nyuma ya jingine, taa nyekundu kama shanga,
nami nabaki na funguo, ndoo,
na vitu vilivyokosa mwenyewe.

Nihesabu? Glavu ishirini na tatu, hakuna jozi.
Waya wa kunyooshea meno, umefungwa kwenye leso.
Kikokotoo cha bei ya friji yangu.
Fidla, fidla nzima! Wiki tatu, hakuna aliyeuliza.
Ukitaka kujua utajiri usitazame wanachonunua.
Tazama wasichorudi kukitafuta.

Miaka kumi na tisa nasukuma fagio chini ya ubao
wa majina ya waliohitimu na vyuo walivyokwenda,
herufi za dhahabu. Nampangusa vumbi kila mmoja.
Langu liko kifuani, kwenye plastiki: SKOGLUND.

Desemba ile Minnesota iliganda hadi kope.
Mai Nhia Vang alikuwa akija kwa mabasi mawili
kutoka ng'ambo ya mto,
sweta juu ya sweta, kama kitunguu.
Ada yake ililipwa na mfuko wa marehemu fulani.
Marehemu hakufikiria koti.

Nikamwona amesimama mbele ya sanduku.
Koti la bluu, manyoya shingoni, tangu Oktoba halijadaiwa,
ndani utepe umeshonwa: A. THORSGAARD.
Aligusa mkono wa koti kama anayepima homa ya mtoto.
Nikageuka. Nikasugua bomba lililokuwa safi tayari.
Nilipomaliza, sanduku lilikuwa jepesi.

Nguo ya kuazima, wanasema, haistiri.
Ile ilistiri.

Wiki ileile mshauri wa vyuo, Bwana Prentiss, mtu mwema,
alimwita kuhusu insha ya maombi.
Mlango ulikuwa wazi, mimi nikiwa juu ya ngazi na balbu mkononi.
"Andika juu ya mabasi," akamwambia. "Andika juu ya bibi yako, na kambi."
Maneno mia sita na hamsini
ya taabu yenye mwisho mzuri.
Akaandika juu ya chumvi:
kwa nini huyeyusha barafu barabarani,
na kwa nini, baridi ikizidi mno, hushindwa.

Machi theluji ikawa tope. Asubuhi moja koti limerudi,
limefuliwa, limekunjwa kama barua.
Nikafunua ndani. Juu ya utepe wa jina
bibi yake alikuwa ameshona kiraka,
konokono wanne wa uzi mwekundu, migongo imekutana,
mishono midogo hata jicho langu likachoka.
Jina lilikuwa bado chini yake. Nililipapasa kwa kidole.

Mchana Annika Thorsgaard akapita na wenzake.
Akalishika koti, akalipindua, akawaona konokono.
Mai Nhia alikuwa mbele ya kabati lake, hatua sita, hasogei.
Annika akatazama
kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu.
"Si langu," akasema.
Akalikunja tena, kwa mikunjo ileile.

Alijua? Nimeliwaza hilo jioni nyingi,
nikingoja sakafu ikauke.

Juni alikuja mchoraji na brashi yake ya dhahabu.
Thorsgaard, kisha Vang, wamefuatana;
hakukuwa na mtu wa U mwaka huo.

Fidla bado ipo.
Koti naliweka kwangu, msumarini, kiangazi chote.
Baridi ikibisha nalirudisha sandukuni,
juu kabisa,
mahali ambapo mkono hufika
bila kuonekana unatafuta.