Nyuzi Ishirini na Tano na Nusu

Mimi ni fundi wa friji, Majengo, Moshi.
Mchana natafuta baridi iliyopotea kwenye mabomba ya watu,
usiku nalinda joto
la viumbe wasio na macho.

Tangi la kioo, lita mia mbili na arobaini.
Bahari yake niliikoroga mwenyewe kwenye pipa
kwa chumvi ya kupima na mwiko wa mbege
ambao mke wangu anaamini uliibwa.
Tumbawe la kwanza lilikuwa sawa na ukucha wa dole gumba.
Sasa ni kiganja.

Nilinunua kipimajoto, kikasema ishirini na tano.
Nikanunua cha pili kukihoji cha kwanza:
ishirini na saba.
Usiku ule sikulala.
Nikajaza kikombe barafu iliyopondwa, nikatia maji kidogo, nikangoja.
Barafu inayoyeyuka haijui kudanganya,
ni sifuri Moshi, ni sifuri Mtwara.
Cha pili kikasoma mbili.
Nikakiandika ubavuni kwa wino mzito: MUONGO KWA MBILI.
Bado nakitumia.
Muongo ukishajua kipimo cha uongo wake, mnaishi.

Februari, joto hulala juu ya mabati
kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa.
Saa nane mchana: ishirini na nane, nukta mbili.
Nafunua kifuniko, naelekeza feni usoni pa maji,
taa naziwasha jioni, watu wakianza kuzima zao.
"Umewapa zamu ya mlinzi," anasema Aikande.
Upepo wa feni unaiba maji, chumvi hauigusi,
kwa hiyo kila asubuhi narudisha maji matamu
glasi kwa glasi, hadi kwenye mstari wa kalamu.
Siku moja Ndelilio, kwa huruma,
alitumbukiza barafu bakuli zima.
Nilimfokea, kisha nikajuta.
Digrii moja kwa saa, mwanangu.
Hata kuokoa kuna mwendo wake.

Julai ni kesi nyingine.
Ukungu unateremka toka Kibosho, unaingia bila hodi.
Umeme ulikatika saa sita na robo usiku,
hita ikafa mdomo wazi.
Tulivua blanketi kitandani tukalivisha tangi,
tukaelesha chupa za maji ya moto, vizibo vimekazwa,
tukakaa na makoti, tochi mkononi.
Ishirini na tatu, nukta nane.
Nukta saba.
Nukta saba.
Nukta saba.
Alfajiri nikasikia friji ya jirani ikinguruma.
Nimetengeneza friji miaka kumi na tisa;
sikuwahi kujua zinaweza kuimba.

Lakini mwaka juzi nilikuwa Same, kwenye jokofu la maziwa,
siku mbili. Swichi ya hita iling'ang'ania.
Niliporudi: thelathini na moja,
na tumbawe langu jeupe.
Halikuwa limekufa. Vijimea vilivyoishi ndani ya nyama yake,
vilivyolipikia na kulipaka rangi,
vilikuwa vimehama. Lilibaki na njaa na mifupa.

Nikatoka nje kupumua.
Mawingu yalikuwa yamefunguka, na mtaa mzima umeinua simu:
"Kibo hiyo! Oneni weupe ule!"
Mama Ndeshi wa genge akasema, bila kugeuka,
zamani ulikuwa unashuka mpaka pale,
akaonyesha kwa kisu cha kumenyea viazi.
Nikarudi ndani.
Joto ni lilelile:
kule linavua weupe, huku linavisha.

Nilishusha maji siku nzima, kidogokidogo.
Wiki ya sita likatokea doa la kahawia,
kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa.
Nusu ilirudi.
Nusu haikurudi. Sijaiondoa; samaki mdogo amepanga humo,
halipi kodi.

Daftari liko juu ya kabati. Leo, saa tatu usiku:
25.5.
Hata kwenye risiti
sijawahi kuandika namba nzuri kuliko hiyo.